Maharagwe Yaliyokataa Kuiva

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, mbele ya umati sokoni Nakuru, Mama Majiko aligawa majiko yake yote kumi bila kupokea hata shilingi, kisha akageuza mkokoteni mtupu na kuuvuta kwa miguu hadi kwake Lanet. Sababu ilikuwa sufuria moja ya maharagwe yaliyokataa kuiva. Haikupita muda mrefu watu wakaanza kupanga foleni langoni pake, wengine wametoka Njoro, wengine Longonot, wote wakitaka kununua jiko.

Nilikuwepo siku ile, hatua tatu kutoka kwenye sufuria, na niliandika kila nilichokiona. Kabla ya kufungua kibanda changu cha kuchapa na kutoa nakala, nilikuwa nikikusanya habari za mitaa kwa ajili ya redio ndogo ya hapa mjini. Kazi ya redio iliisha, mazoea ya daftari yakabaki. Kwa hiyo naweza kueleza mambo yake kwa mpangilio, isipokuwa jambo moja ambalo nitalifikia.

Mama Majiko alifinyanga majiko ya makaa nyuma ya nyumba yake. Bati la nje alitengenezewa na fundi wa jua kali. Kikombe cha udongo kinachokaa ndani alikifinyanga kwa mikono yake mwenyewe, akichanganya udongo mwekundu na ule udongo mweupe mwepesi unaochimbwa upande wa Gilgil. Kikombe hicho kikishashika moto hakikuuachilia upesi. Hilo ndilo jambo alilotaka Nakuru nzima ilijue, na hakuwa na pesa za kulitangaza.

Basi kila Jumamosi saa moja asubuhi alipanga majiko tisa kwenye mkokoteni mdogo wa magurudumu ya pikipiki. La kumi alilifunga kwa waya mbele kabisa, akalitia mkebe mmoja wa makaa huku majirani wakiona, akaliwasha, akateleka juu yake sufuria ya maharagwe. Kisha akashika mpini na kuanza safari, kando ya barabara ya Nairobi, moshi mwembamba ukimfuata nyuma kama mkia. Hakuongeza hata kipande cha makaa njiani. Maharagwe yalitoka Lanet yakiwa magumu na kufika mjini yameiva. Tangazo lake lote lilikuwa hilo.

Ukilisikia hivi unaweza kudhani ni jambo dogo. Ungesimama enzi hizo pale mtaani Pipeline asubuhi ya Jumamosi, ungewaona makanika wakiacha spana zao kwa sababu mama mmoja amesimamisha mkokoteni na kufunua kifuniko. Mmoja wao anatafuna punje moja, anatema, anatangaza kwamba bado ni mawe. Wanacheka, mama anafunika, anaondoka. Kufika mtaa wa Free Area anafunua tena, na wauza matunda wanasukumana kutazama, na anayeonja anasema yamefika nusu. Kuna waliokuwa wakimfuata kuanzia hapo, watu wazima wenye shughuli zao, wanatembea nyuma ya sufuria hadi mjini. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga kibanda siku mbili mfululizo kwa sababu hiyo. Watu hawakuja kununua jiko. Walikuja kujua mwisho wake, na mwisho ulikuwa wa kuliwa, kwenye vikombe vya bati alivyobeba, bure, na chumvi kidogo.

Jumamosi ya kwanza kabisa, muuza sufuria mmoja mwenye meza karibu na lango la soko alimwona akifika na moshi wake. Alikuwa mtu wa maneno, na sauti yake ilifika hadi kwa wauza viazi.

"Mathe," akamwita, "na yakikataa kuiva?"

"Yakikataa napeana hizi jiko zote bure, narudi Lanet na mkokoteni tupu."

"Zote?"

"Hata hii inawaka. Hiyo utabeba wewe."

Watu wakacheka, wakala maharagwe, majiko manne yakanunuliwa palepale. Jumamosi iliyofuata muuza sufuria akauliza swali lilelile, akajibiwa vilevile. Ikawa desturi. Ilifika mahali umati ukawa unajibu pamoja naye, kama kiitikio cha kanisani. Lakini yeye hakulisema kwa mzaha. Majiko kumi yalikuwa kazi ya wiki nzima ya mikono yake, na hakuwa na wiki nyingine ya akiba. Kila Jumamosi aliiweka wiki yake mbele ya watu, pamoja na neno lake, na kila mtu sokoni alijua kwamba siku moja huenda angelazimika kulitimiza.

Kwa mteja hakudanganya, angalau mimi sikuwahi kumshika. Mtu akiuliza kama jiko linaweza kuoka mkate, alimwambia litauunguza. Akiuliza kama linadumu miaka kumi, alimwambia mitatu, ukilitunza. Niliwahi kumwambia kwamba wenzake wote wanasema kumi. Akanijibu kwamba njia ya mwongo ni fupi, na yeye kila Jumamosi ana safari ndefu.

Tulifahamiana kwa ugomvi. Nilimwona mara ya kwanza nikaona mteja: mwanamke ana bidhaa nzuri, hana bango, hana kadi, hata namba ya simu hajaandika kwenye mkokoteni. Usiku huo nikachora bango zuri lenye jiko la rangi ya machungwa na miali ya moto, nikalichapa kwa gharama yangu, nikampelekea Jumamosi kama zawadi ya kufungulia mlango. Alilitazama kwa muda. Akauliza kama hiyo karatasi ina nta. Nikamwambia haina. Akaikunja mara nne, akaichomeka chini ya makaa ya jiko alilokuwa akimwonyesha mteja, akawasha.

"Imeshika vizuri," akasema. "Uko na zingine?"

Tangu siku hiyo aliniita Karatasi. Soko zima likafuata, na mpaka leo kuna watu wanaonipigia simu kwa jina hilo.

Nilikasirika kwa wiki mbili, kisha nikarudi kumuuliza ana shida gani na mabango. Alisema hana shida nayo. Bango linasema jiko ni zuri, akaniambia, sasa jiko lenyewe likae kimya likifanya nini? Halafu akanigeukia. Aliniuliza kwa nini nimeweka mashine zangu ukutani na mimi nimekaa nazitazama, hivi kwamba anayepita nje anaona mgongo wangu tu. Kesho yake niligeuza meza. Alinishauri pia nibandike kitendawili kimoja kila asubuhi kwenye dirisha la kibanda, na jibu lake niliweke kesho yake. Kinanigharimu karatasi moja kwa siku. Kuna mwalimu anayepita kila asubuhi tangu wakati huo, na shule yake huchapa mitihani kwangu.

Alitoa mawazo ya namna hiyo kwa yeyote aliyekaa karibu naye akisubiri maharagwe yapoe. Dada mmoja wa Njoro aliyetengeneza mtindi alilalamika kwamba watu wanaonja kijiko na kuondoka. Mama Majiko akamwambia aache kugawa mtindi, agawe chupa tupu zilizooshwa, zimeandikwa majina ya wenyewe. Chupa tupu yenye jina lako, alisema, haikupi usingizi mpaka uijaze. Dada akajaribu, na mwezi uleule akaanza kutafuta ng'ombe wa pili.

Vijana walikuja na simu zao kumrekodi. Yeye alikuwa na simu ndogo ya vibonyezo na hakuwahi kuona video hata moja kati ya hizo, lakini hakumkataza mtu. Sharti lake lilikuwa moja.

"Shosh, tunaweza kukushuti?"

"Shuti, lakini wewe ndio utashika kifuniko."

Sikuelewa hadi nilipoziona zile video. Kila moja ilikuwa na kijana mwenyewe katikati, ameinua kifuniko, mvuke unampiga usoni, anacheka. Nani asingetuma video yake mwenyewe kwa kila rafiki aliye naye?

Kwenye misiba hakutangaza chochote. Alifika na majiko matatu, akakaa na akina mama wa jikoni, akapika chai hadi mazishi yaishe, na mtu akimuuliza bei alimwambia huku tumekuja kulia. Kisha aliondoka na kuyaacha majiko yake pale, na kuyarudia baada ya wiki moja. Kufikia hapo mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuyazoea, na mara nyingi aliyarudia mawili tu, kwa sababu moja lilikuwa limenunuliwa. Nimejiuliza mara nyingi kama huo ulikuwa wema au biashara. Nilipomuuliza yeye, alishangaa kwamba ninaona tofauti.

Alikuwa na hasira pia. Adui yake mkubwa alikuwa maji. Huku kwetu mtu akimaliza kupika hutaka kuokoa makaa yaliyobaki, basi huyamwagia maji, na kikombe cha udongo chenye moto kikipata maji baridi hupasuka. Wateja walirudi na majiko yenye ufa, wakiapa kwamba hawajui kilichotokea. Yeye aliuangalia ufa, akaupitisha kidole, akauliza swali moja tu: ulimwaga maji? Mtu alikana. Akakana tena. Mwishoni Mama Majiko alimpa chaguo: achukue kikombe kipya bure, lakini kwanza aseme mbele ya watu wote, kwa sauti, kwamba alimwaga maji. Nimemwona mzee mzima mwenye koti la suti akisimama katikati ya soko na kukiri kama mtu anayeokoka. Watu walipiga makofi. Wengi walijifunza jinsi ya kutunza jiko kutokana na aibu ya mzee yule.

Sasa lisikieni na hili. Nyumbani kwake alipikia gesi. Niligundua siku ya kwanza nilipomtembelea Lanet, nikaona mtungi wa bluu umefichwa nyuma ya pazia. Hakuona haya. Alisema asubuhi ana haraka. Na maharagwe hakuyala. Yalimvimbisha tumbo tangu utotoni. Yaliyobaki Jumamosi alimpa nguruwe wake mmoja mnene aliyefugwa kwenye banda la mabanzi nyuma ya tanuri, akiwa amemchemshia na mengine ya zamani yaliyonunuliwa kwa bei ya chini. Nguruwe yule, nadhani, ndiye mteja pekee aliyempenda Mama Majiko bila kuvutwa na tangazo.

Ilifika wakati mambo yakapoa. Majiko mengine yalikuja sokoni, mepesi, yamepakwa rangi kama ya kwake, na bei yake ilikuwa chini. Umati wa Jumamosi ulikuwa bado mkubwa, ila watu walikula maharagwe, wakafuta midomo na kwenda. Kuna Jumamosi aliyorudi Lanet na majiko manane. Wiki mbili kabla ya siku ile ya mwezi wa saba alikaa kwenye kibanda changu akisugua miguu, akaniambia jambo ambalo niliandika bila kulipa uzito.

"Wamenizoea, Karatasi. Wanajua itaiva."

Siku yenyewe ilikuwa na wingu zito na upepo kutoka upande wa Menengai. Alifika kwa wakati wake. Muuza sufuria akauliza swali lake, umati ukaitikia, kifuniko kikafunuliwa. Kwa desturi muuza sufuria ndiye aliyeonja kwanza. Akachukua punje, akaibana kwa vidole. Akaibana tena. Watu wakacheka wakidhani anafanya mchezo. Akaitia mdomoni, na sote tukasikia ikilia kwenye meno yake.

Kicheko kilikufa kidogo kidogo, kuanzia mbele kwenda nyuma.

Alionja mwingine, na mwingine. Yalikuwa magumu. Makaa yalikuwa bado mekundu kwenye jiko, maji yalikuwa yakichemka, na maharagwe yalikuwa magumu. Ndipo mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akasema kwa sauti kile ambacho kila anayepika katika bonde hili anakijua: hayo ni maharagwe ya stoo, ya misimu iliyopita, na maharagwe yakishazeeka hata ukiyachemsha kutwa hayalainiki. Watu wakaitikia. Ni kweli, jiko halina makosa. Na aliyemtetea kuliko wote, kwa jinsi nilivyoandika, alikuwa muuza sufuria mwenyewe. Miaka yote hiyo alikuwa akimchokoza, sasa uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mathe, hii si jiko. Ni maharagwe umeuziwa mbaya. Hiyo ahadi haihesabiki."

Mama Majiko alifunika sufuria. Alijifuta mikono kwenye leso, taratibu, kama mtu aliye jikoni kwake.

"Mimi sikusema yakikataa kwa sababu ya jiko," akasema. "Nilisema yakikataa."

Akaanza kugawa. Watu walimiminika mbele na yeye akawarudisha nyuma kwa mkono mmoja. Kila aliyefika mbele alimuuliza anaishi wapi, ndipo akampa au akamnyima. Mwanamke mmoja aliyesema Njoro aliambiwa, "Njoro nishapeana, mama, pole." Daftari langu lina orodha: Njoro, Bahati, Longonot, Molo, Subukia, Gilgil, Rongai, Elburgon, Kaptembwo. Majiko tisa, sehemu tisa, hakuna iliyojirudia. La kumi, lile lililokuwa likiwaka, akalisukuma mbele ya muuza sufuria, ambaye alilazimika kungoja hadi saa sita lipoe. Kisha akamwaga maharagwe yale kwenye ndoo, akashika mpini, na mkokoteni mtupu ukaanza kupiga kelele kwenye lami. Hakuna aliyemfuata. Watu walisimama wakimwangalia hadi akapotea, na wanaume wawili karibu yangu walikuwa wamevua kofia.

Yaliyofuata mnayajua. Waliopewa waliyapeleka majiko makwao pamoja na kisa chake, na majirani walitaka kwanza kusikia kisa, halafu kuliona jiko. Muuza sufuria akaanza kuonyesha sufuria zake juu ya lile la kumi, kila siku, langoni mwa soko, na hakuna anayeuliza bei ya sufuria bila kuuliza kuhusu jiko. Mama Majiko akaajiri wanawake wawili. Hakuvuta tena mkokoteni mjini. Hakukuwa na haja. Nami nikawa nasimulia kisa hiki kila ninapoalikwa kwenye vikundi vya mafundi na wachoraji na waimbaji wanaouliza watajulikanaje bila pesa. Niliwaambia: kuna mama mmoja alitimiza neno lake siku lilipomuumiza, na hakuna bango linaloweza kushindana na hilo. Nilisema hivyo kwa furaha, na niliamini.

Kisha, mwaka huu, nikakutana na muuza nafaka aliyemuuzia maharagwe miaka yote. Nilikwenda kumchapia risiti, tukaanza kuzungumza. Kwa kujitetea tu, maana lawama zilimfikia, akaniambia kwamba yeye hakumuuzia mtu maharagwe mabaya. Ijumaa ile Mama Majiko alinunua aina mbili, kama kawaida: mapya kwa ajili ya Jumamosi, na ya zamani ya nguruwe. Mifuko miwili, rangi moja. Kama aliichanganya gizani wakati wa kuloweka, hilo ni lake.

Mwezi uliopita nilikwenda Lanet. Alikuwa ameniagiza kazi ya kwanza tangu tujuane: vipande vidogo vya karatasi vya kubandika chini ya majiko, vyenye maneno mawili tu, USIMWAGE MAJI. Hakutaka jina wala namba ya simu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, analainisha ukingo wa kikombe kibichi kwa kitambaa chenye maji. Amezeeka kidogo, mikono haijazeeka. Alivisoma vile vipande, akasema safari hii karatasi imeongea kitu cha maana.

Nikamwambia nimezungumza na muuza nafaka. Hakusimamisha mikono.

"Alikwambia nini?"

"Kwamba ile Ijumaa ulinunua aina mbili."

"Kila Ijumaa nilikuwa nanunua aina mbili. Nguruwe pia anakula."

Niligeuka kulitazama banda la mabanzi. Halikuwa na nguruwe. Lilikuwa limeota sukuma wiki, zenye mashina marefu ambayo yamechumwa majani kwa muda mrefu.

"Na nguruwe uliuza lini, mama?"

Alicheka hadi kigoda kikayumba. Alisema serikali ilifanya makosa kutonipa kazi ya polisi. Kisha akanyanyua kile kikombe kibichi na kuniwekea mikononi, akaniambia nikishike vizuri kisibonyee wakati anatafuta bati lake, na nikakishika, mikono yote miwili imejaa udongo, bila nafasi ya daftari wala kalamu. Aliporudi alikuwa na habari nyingine za kunieleza.

Nilipotoka nilimkuta jirani yake langoni, nikamuuliza yeye. Alisema anakumbuka vizuri kabisa, maana alisaidia kumpakia: nguruwe yule aliuzwa wakati wa baridi, mwaka ule wa maharagwe. Nikamuuliza mwezi gani. Akasema huo hakumbuki, ila kulikuwa na baridi.

Huku kwetu baridi huanza mwezi wa sita na huisha wa nane, na Jumamosi ile ilikuwa ya mwezi wa saba.